Mlango Kwenye Disiki ya Ndoa

Jumapili

Mega zangu zote za internet zimekwisha, na bwana yangu anacheka tu. Amezimaliza kwa disiki yake mpya ya filamu. Eti ukiiunganisha na internet, inakuletea vipande vipya ambavyo havimo ndani yake. Mimi nilikuwa nazitunza kwa kupigia watu wetu Goma.

Mama mkwe alikuwa anatusikiliza. Tangu vita imtoe Goma anauliza jambo moja: kama alifunga mlango wa nyumba yake. Alikimbia, hakumbuki.

Akaenda kuleta disiki ya ndoa yetu, iliyofanyika kwake Goma.

"Mutoto wangu, weka na hii. Kama inaleta vipya, tutaona nyumba vile iko leo."

Bwana yangu akaacha kucheka. "Mama, hii haina internet. Iko ya siku ya ndoa tu."

Nikaiweka hata hivyo. Ni haute définition, picha safi kabisa. Majani ya migomba ya uani unaweza kuyahesabu. Nyuma ya kwaya ukaonekana mlango, ule ambao Mama mkwe aliufunga siku ya ndoa kwa sababu ya wageni wengi. Nikasimamisha picha, nikaikuza. Haikuharibika. Kufuli ilikuwa pale, inang'aa.

Mama mkwe akaigusa kwa kidole.

"Unaona? Nilifunga."

Bwana yangu akaangalia chini. Mimi nikasema, "Ndiyo, Mama. Ulifunga."

Sijui kama nimefanya vibaya. Lakini kila jioni, kabla ya kulala, yeye huja kujaribu mlango wetu mara tatu, mara nne. Leo amepita tu, akaenda kulala.