Pikapu ya Mjomba

Jumamosi usiku, Kibuli

Eti nzima! Mjomba aliipiga teke chasisi ya pikapu yake, ile aliyogawiwa jeshini Wahindi walipofukuzwa, akamtangazia Mama: "Dada, kesho unapanda na ndizi zako mpaka sokoni Kalerwe."

Nikaidunga kwa bikari yangu ya hesabu. Ikazama kama kwenye andazi. Chini ya rangi mpya ni kutu tupu.

"Kutu ya juu tu hiyo, we mtoto."

"Basi Mjomba, lala chini yake, sisi tupakie mikungu."

Alicheka. Akachungulia uvunguni, ghafla akakumbuka ana zamu kambini.

Mama anasema ataenda kwa basi. Naomba tu Mjomba asije asubuhi na sare. Akivaa sare hakuna anayembishia, hata Mama.