Walisema Umekonda

Deo, mtani wangu,

Watu wa Kerege wameshakubaliana kwamba kilichokuua ni kutembea. Walikaa kwenye benchi la muuza kahawa, wakaijadili kesi yako kikombe kimoja tu, hukumu ikatoka. "Yule bwana alikuwa mzima kabisa. Akaanza kutembeatembea kwa miguu, akakonda, akafa." Ukijaribu kupinga wanakuuliza, kwani wewe daktari? Mimi ni fundi cherehani, basi nainamisha kichwa naendelea kushona.

Nina hasira, Deo. Naliweka wazi mapema usije ukadhani nakuandikia kukulilia. Kulia nimeshalia, tena mbele ya wakwe zako, nikaaibika. Sasa nimebaki na hasira na sina wa kumtupia. Wewe ndiye ulikuwa unapokea matusi yangu yote. Tangu ulipofungua duka lako la saruji na mabati mkabala na fremu yangu, Mnyamwezi wa Tabora na Mkwere wa Miono, hatukuwahi kusalimiana kistaarabu hata siku moja. Watu walidhani tunagombana. Sasa naamka, nafungua mlango, nakuta duka lako limefungwa, na sina wa kumwita mbeba mizigo.

Nikupe habari za huku. Pale Mapinga, karibu na kwako, lile jengo la vioo limekwisha, na chini wamefungua jimu. Ukipita barabarani unawaona watu wamepangwa dirishani, wanatembea juu ya mashine, hawaendi popote. Wamefika pale kwa magari. Mtu anatoka nyumbani kwake, nyumba ya nne kutoka hapo, anawasha gari, anaendesha, anaegesha, anapanda mashine, anatembea, anashuka anatoka jasho, anarudi kwenye gari anawasha kiyoyozi. Huyo wanamsifu kwamba anajali afya. Wewe uliyetoka Mapinga mpaka Kerege kwa miguu yako, asubuhi jua halijakolea, ukiwa na viatu vya kawaida na fimbo ya kufukuzia mbwa, walisema umefilisika.

Na jirani na jimu kuna duka linauza vyakula vya asili. Mlenda mkavu kwenye mfuko wenye picha ya mwanamke mwembamba anacheka. Dona, wanaiita unga wa lishe. Mama yangu kule Miono alikuwa akiwaficha wageni dona, anaazima sembe kwa jirani ili asionekane hana. Laiti angejua angeitia kwenye mifuko na kuweka picha yake anacheka. Nakwambia, Deo, hapa mjini chakula kile kile kikiwa kwenye sufuria ya maskini ni shida, kikiwa kwenye rafu yenye taa ni afya, na watu hawaoni aibu kuamini vyote viwili kwa wakati mmoja.

Wewe ulijua hayo kabla ya jengo hilo kuwekwa msingi. Nakumbuka ulivyorudi kliniki siku ile, ukaingia kwangu ukavuta pazia la kupimia nguo na kukaa nyuma yake kama mtu anayedaiwa. Nikakutania kwamba umekuja kuiba vitambaa. Ukasema kwa sauti ndogo, "Shomari, nina sukari." Halafu hapo hapo ukasema, "Usimwambie mtu."

Ukaanza. Gari likabaki nyumbani. Soda ukaacha, chipsi mayai za jioni ukaacha, ukawa unakula dona na mboga ya mchunga na samaki wa kuchemsha, na ulilalamika kila siku kwamba mchunga ni mchungu utadhani mimi ndiye niliyeupanda. Suruali zikaanza kukudondoka. Ukawa unaniletea moja moja, unazificha kwenye mfuko wa saruji, nipunguze kiuno. Nilipunguza zile zote. Nilipunguza tena. Ile ya kaki, uliyoipenda, niliipunguza mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana, nikakwambia ukikaa vibaya watu watadhani una mfuko mmoja. Ulicheka, Deo. Ulikuwa umerudia ujana, unapanda ngazi za stoo bila kushika ukuta. Daktari alikwambia sukari imeshuka, ukanisimulia siku nzima mpaka nikachoka kukusikia.

Kisha watu wakafungua midomo. Wateja wakaanza kuuliza kama duka bado ni lako, maana wamekuona huna gari. Mwingine akasema benki imelichukua. Na mwili ulipopungua ndipo yakaja yale ya kunong'ona, ule ugonjwa wanaoutaja kwa kukonyezana tu. Mama Neema akaenda saluni, mwanamke mmoja akamwambia hadharani, "Shoga, mumeo humlishi?" Mkeo alirudi analia. Simlaumu. Hapa kwetu kitambi cha mume ni cheti cha mke, na chake kilikuwa kinafutika mbele ya macho ya watu.

Na jumuiya yenu ya kanisani ilipokuja kukutazama mgonjwa? Wewe hukuwa mgonjwa, ndiyo kwanza ulikuwa umetoka kutembea, umeoga, unapiga mluzi. Wakaingia kwa nyuso za msiba, wakakuombea. Na walikuja na nini mikononi? Sukari! Kilo za sukari, na maboksi ya juisi, na soda za familia, kwa mtu mwenye kisukari. Walioona wametenda wema ndio waliokuja na sumu kwenye kikapu, na wewe ulishukuru, kwa sababu ungesema nini wakati ulikuwa hutaki wajue?

Hukuchukua muda baada ya hapo, ukalegea. Gari likarudi barabarani. Jioni ukaanza kukaa tena pale kwenye nyama choma. Mwili ukarudi, na kila aliyekuona akakupongeza. "Sasa umependeza! Sasa Deo amerudi!" Hata dawa ukaziacha, ukaniambia umeshapona, watu wote wanaona. Nikakwambia wewe Mnyamwezi tangu lini watu wakakupima damu kwa macho? Ukanitupia suruali ya kaki usoni. "Wewe achia kiuno, kelele za nini." Nikaachia kiuno. Niliiachia mpaka akiba yote ya kitambaa ikaisha, nikatia kipande cha rangi nyingine kwa nyuma, na ukaivaa hivyo hivyo.

Ukapata kidonda mguuni, kikakataa kupona, wakakulaza, na huko kitandani ndiko ulikokonda kweli. Watu wakaja kukuona, wakaona mifupa, wakaunganisha na ule wakati wa kutembea. Katikati pote walipasahau. Ile miezi ya kitambi na pongezi imefutwa vichwani mwao kabisa.

Nisingejali sana, wewe umeshakwenda na maneno yao hayakufikii. Lakini kuna Neema. Baada ya maziko binti yako alianguka, wakampeleka kupima, wakakuta sukari. Yeye naye. Unajua anavyoishi huko Tegeta: kazi ya kukaa kutwa nzima, chakula kinaletwa na bodaboda, chipsi kuku mchana, chipsi kuku jioni, na kile kinywaji cha kopo cha kumfanya asisinzie. Daktari akamwambia yale yale aliyokwambia wewe. Atembee, apunguze mwili, ale vya nyumbani, ameze dawa. Akarudi Mapinga kwa mama yake, akakataa katakata. Nilikuwepo. Alisema, "Baba alitembea, akakonda, akafa. Mimi sitaki." Na mama yake akamwongezea wali kwenye sahani, kwa sababu anampenda na hataki kuzika mwingine.

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Nilimweleza mama yake, akaniambia nimwache mtoto ale. Nilimweleza shemeji yako, akaniuliza nina cheti gani.

Ikafika arobaini yako. Baada ya misa tulirudi nyumbani kwako, na ungeona! Turubai, spika, mshereheshaji, kreti za soda zimepangwa mpaka dirishani. Sare ya kitenge nilishona mimi, nguo ya kuvaliwa mara moja na kusahauliwa, lakini nami nina watoto. Wanaume walivaa fulana zenye picha yako. Shemeji yako aliichagua ile ya harusi, kitambi kimetangulia, kifungo cha shati kinaomba msaada. "Hapa ndipo alipokuwa na afya," akasema. Nikatazama vitambi vyako vyote vile vinapita mbele yangu na sahani za pilau, nikataka kupiga kelele.

Basi nikakumbuka kwamba mimi ni mtani. Mtani ana ruhusa. Nilimwomba Mama Neema ile suruali yako ya kaki, nikaivaa juu ya yangu, nikaishika kwa mkono isidondoke, nikaingia katikati ya watu nikiwa wewe. Nilitembea kama ulivyokuwa ukitembea, na fimbo yako. Nikajificha nyuma ya kanga kama nyuma ya pazia langu, nikanong'ona, "Shomari, nina sukari, usimwambie mtu." Nikala mchunga nikakunja uso. Nikanyoosha mgongo, nikapiga mluzi. Kisha nikaigiza jumuiya inaniletea sukari, na nikaigiza wanaonisifu, na nikala, nikala, nikavimba, nikatupa dawa, nikaanguka. Niligeuka nikawaonyesha kile kipande cha rangi nyingine kwenye kiuno. Nilisema yote, Deo. Sikubakisha.

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke wa saluni alifuta machozi, akasema hajapata kuona mtani kama huyu. Wale wale wa jumuiya walinitunza pesa. Ukweli wote niliusema kwa sauti, mbele ya watu wote, wakaupigia makofi na kwenda kuongeza soda. Niliivua ile suruali nikamrudishia mkeo, nikaondoka bila kuaga.

Kesho yake, nimefungua tu, Neema akaja. Hakunipa hata shikamoo, na wewe unajua yule mtoto alivyolelewa. Alikuwa ameishika suruali imegeuzwa ndani nje. Akanionyesha kiunoni vile vitundu vya sindano, mstari mmoja huku ndani kabisa, mwingine pembeni yake, mwingine nje, halafu kile kiraka. "Baba mdogo, jana watu walikuwa wanacheka. Nieleze bila kuchekesha." Nikamweleza. Huu mstari wa ndani ndipo baba yako alipokuwa mzima. Huku nje kwenye kiraka ndiko alikofia. Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia sana, mimi nikaendelea kushika futi mkononi bila kupima chochote.

Sasa anatembea. Si kwenye mashine. Anatoka Mapinga asubuhi anakuja mpaka huku Kerege, nampa maji, anarudi kwa gari la abiria. Amepungua kidogo, uso umeanza kuonekana. Mama yake bado hajamsamehe huko kutembea, lakini wali umepungua kwenye sahani, nimeuona mwenyewe.

Juzi nilikuwa naye pale kwenye genge la Mama Zuhura. Mama Zuhura akamtazama kutoka juu mpaka chini, akaweka nyanya mezani, akaanza, kwa ile sauti ya huruma tunayoijua sote. "Jamani Neema, mbona umekonda hivyo mwanangu? Unaumwa?" Watu wote wakageuka. Nikajua ndiyo yale yale yanaanza. Neema akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha bodaboda. "Ndiyo shangazi, naumwa. Nina kisukari. Baba alikuwa nacho, akakificha ili msimseme, akafa. Mimi natembea ili nisife."

Hakuna aliyecheka. Mama Zuhura alifunga nyanya zetu polepole. Tulipokuwa tunaondoka akamvuta Neema pembeni, akajifunika kanga mdomoni, akamuuliza, "Hiyo sukari yako ilianzaje mwanangu? Maana mimi nina kiu ambayo haiishi."

Nimekaa na maneno hayo tangu juzi. Nimekukasirikia upya, Deo. Wangapi wangekuuliza wewe hivyo, kama nawe ungesema?

Kwaheri, Mnyamwezi. Pumzika huko, na ukikuta mchunga usilalamike. Mwanao hatakonda peke yake. Na siku atakapochoka kuwajibu, nakuahidi nitawajibu mimi, na safari hii bila kuchekesha.

Mtani wako,
Fundi Shomari