Ree Alizotupa Baba

Themi, Arusha
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Kaka yangu Loserian,

Shikamoo. Naamini joto la Mtwara halijakumaliza, na wifi na mapacha ni wazima. Sisi huku tunamshukuru Mungu, vuli imeanza na mahindi ya jirani yamechipua mpaka kwenye uzio wangu. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ukipiga, Baba hutaka tuweke sauti kubwa akae hapo hapo asikilize, na haya niliyo nayo sithubutu kuyasema mbele yake.

Unakumbuka alivyokuja kwangu kutoka Oldonyo Sambu baada ya kumzika Mama. Bila ng'ombe alikuwa anazunguka uani kama mgeni. Ndipo Ndesanjo, mpishi wa pale hotelini ninapofanya kazi, akatuletea mchezo wa poka. Kila Jumapili baada ya ibada tunakaa wanne, Baba, mimi, Ndesanjo na jirani yangu Agnela. Usishtuke, mzee wa kanisa hachezi kwa hela. Tunaweka dau la maharage.

Kaka, Baba alikuwa hovyo! Kila mtu anapewa karata mbili, na kabla hata moja haijafunuliwa mezani unaamua, uweke dau au uzitupe. Baba hakutupa kitu. Alidai kwamba maishani mwake hajawahi kuuza ndama kabla hajaona anakuwaje. Ndesanjo akamweleza kwa upole kwamba saba na mbili si ndama, azitupe mapema. Kwamba akiwa wa kwanza kusema achague zaidi, maana nyuma yake kuna watu hajawasikia. Na kwamba akipata karata nzuri apandishe dau mwenyewe, asiburutwe. Baba anaitikia ndiyo, ndiyo, halafu huyo, anamwaga maharage. Saa tisa bakuli lake tupu, anamsingizia Agnela kuwa anachungulia.

Mwezi wa saba akabadilika ghafla. Akawa anatupa, anatupa, anabaki na karata zenye picha tu, wafalme na malkia, na hapo anapandisha dau bila woga. Maharage yakamjaa. Ndesanjo akajisifu kwa ualimu wake, nami nikatamba kazini kwamba mzee wangu ana akili kuliko vijana wote wa mjini.

Jumapili moja nilikuwa nakusanya karata nikachungulia alizotupa. Ree mbili! Hakuna karata mbili za kuanzia zinazozidi hizo, hata mtoto hazitupi. Wiki iliyofuata akatupa ree tena. Nikamfuata jikoni nikamuuliza. Akaniambia taratibu kwamba jicho la kushoto ni giza, la kulia ni ukungu. Zenye picha anazijua kwa wingi wa rangi, ila ree, yenye alama moja tu katikati, kwake ni karatasi nyeupe. Akaniapisha nisikwambie, kwamba utaacha kazi uje. Nikaapa.

Sasa kaka, nikasirikie, ni haki yako. Sikumpeleka hospitali. Nilichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikapaka doa kubwa kwenye uso wa ree zote nne, nikawaomba Ndesanjo na Agnela wanyamaze. Nilimwonea huruma, nikaona nimemsaidia. Jumapili ile ile akashika ree na hakuitupa. Alifurahi mno.

Sikujua anafurahia nini. Aliamini macho yanapona. Mwezi wa tisa alipeleka beberu kanisani kwa shukrani, akasimama mbele ya usharika akashuhudia kwamba Mungu amemrudishia nuru. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye benchi la kwaya.

Mwezi uliopita alimimina chai mezani badala ya kikombeni, nikamvuta hospitali kwa nguvu. Daktari alisema la kushoto limekwisha kwa presha ya macho, halirudi. La kulia linaweza kuokolewa kwa upasuaji, ila tusichelewe, na angefurahi kama tungefika miezi mitatu nyuma. Miezi mitatu hiyo ni yangu. Alitupangia Alhamisi tarehe ishirini mwezi huu, na Baba amegoma katakata. Anasema mtu anayepona hapasuliwi.

Jumapili jioni

Jana niliishia hapo, nikashindwa kulala. Leo baada ya ibada hatukucheza. Nilimkalisha Baba nikamwambia yote, nikampa mkononi kichupa cha rangi. Nilidhani atanilaani. Alikigeuzageuza kile kichupa, mimi nikaanza kulia. Kisha akauliza kama na mimi nilipiga makofi siku ile ya beberu. Nikasema, ndiyo Baba, nilipiga.

Halafu akaniuliza kama hiyo Alhamisi ya daktari ni hii inayokuja au ile nyingine. Nikamwambia ile nyingine. Akasema basi nikuandikie uje kabla yake, jicho likikataa awe ameshakuona, hata kwa ukungu.

Msalimie wifi, wabusu mapacha. Ndesanjo na Agnela wanakusalimu. Njoo, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Nosim