Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Ijumaa, baada ya chakula

Kumbe mkosaji ni mimi. Mwezi mzima kompyuta inazimika kila baada ya dakika ishirini, na yule fundi wa Hedaru hakufungua hata skrubu moja. "Mama, hii ina miaka kumi na minne, nunua mpya." Bado nina hasira naye.

Orodha ya zamu za maji ya ndiva, bwawa tunalotumia sote kumwagilia mashamba, imo ndani ya kompyuta hii na inatakiwa kesho asubuhi. Kaya arobaini na sita, masaa matatu kila kaya. Nisipoipeleka, kazi inarudi kwa yule mzee anayepanga kwa kichwa, aliyejipa zamu mbili mwaka jana.

Leo wifi Nakunda kaja kutoka Bombo. Kaitazama meza yangu, kacheka. "Wifi, mgonjwa ana homa, nawe umemfunika shuka?"

Kile kitambaa cha kufuma alichonipa mama! Naifunika nacho hata ikiwa inafanya kazi, eti vumbi lisiingie. Kimeziba matundu yote ya hewa. Tumekitoa, tumefungua ubavu wa kompyuta, tumefagia vumbi kwa mswaki mkuukuu. Nikafuta na programu tisa nisizozitumia.

Imewaka masaa matatu na nusu bila kuzimika. Asante Mungu, na asante wifi, ingawa atanicheka mpaka Pasaka.

Orodha imekamilika. Zamu yangu imeangukia Jumapili saa nne asubuhi, katikati ya ibada. Ningeweza kuisogeza, nani angejua?

Nimeiacha hapo hapo.