Laktati na Asidi ya Laktiki

4 Machi
Kaka mpendwa,
Salamu nyingi. Kifua chako hakijambo? Mimi mzima, ila roho haijatulia.

Tangu tuunganishe hifadhidata yako ya mimenyuko ya kemia na yangu, bakteria wetu wa kuigizwa kwenye kompyuta anakufa. Anatengeneza laktati tele, lakini hakuna mmenyuko hata mmoja wa kuitumia. Kwako mimenyuko hiyo ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu. Imekwenda wapi? Mkuu wetu wa kazi kasema atabakisha mtunzaji mmoja kati yetu. Sisemi kitu, nauliza tu.
Mdogo wako

9 Machi
Mdogo wangu,
Kifua kimepoa, asante. Wifi yako anakusalimu, anasema umetutupa.

Hukuuliza, umenishtaki. Sijafuta kitu. Nyinyi mnaandika laktati, sisi tunaandika asidi ya laktiki. Ni kitu kilekile, tofauti ni haidrojeni moja tu, inavuliwa na kuvaliwa kama koti. Kompyuta imeona vitu viwili. Hesabu haidrojeni kabla hujapandisha mori.
Kaka yako

12 Machi
Kaka,
Habari za huko. Eti koti. Mimi si mtoto wa kutulizwa kwa pipi. Anayetaka kuficha kitu hukibadilisha jina, na wewe unaitaka hii kazi kuliko mimi. Nimeshamwandikia mkuu kwamba umeifuta mimenyuko. Usiseme hukuambiwa.
Mdogo wako

2 Aprili
Kaka yangu,
Kifua kinaendeleaje? Wifi hajambo? Mbona kimya?

Jana ndipo nilipohesabu haidrojeni. Ulisema kweli. Nilipoyafanya majina yale mawili kuwa moja, bakteria akala, akakua. Badala ya kufurahi nililia palepale mezani.

Nasikia walikuzuia mlangoni kazini mara tu barua yangu ilipomfikia mkuu. Nimekwenda kwa mkuu kufuta maneno yangu, kasema nafasi imeshakuwa yangu na hataki kurudi nyuma. Nimekukosea, kaka. Niambie nifanye nini.
Mdogo wako

20 Aprili
Kwa Mtunzaji wa Hifadhidata,
Natumaini u mzima.

Naambatisha nywila na maelezo ya mimenyuko yote niliyokuwa nikiitunza. Yapo majina mengine ya namna ileile, hasa kwenye asidi. Usiyafute kabla ya kuhesabu haidrojeni.

Umeuliza ufanye nini. Fanya kazi.

Kifua kimerudi kidogo. Mke wangu hajambo.
Mtunzaji wa zamani