Sanduku la Chini

Makambako, 3 Mei 2024

Mama mpendwa,

Kamwene. Kifua kinaendeleaje na ukungu wa Njombe? Mimi na mke wangu Judith hatujambo. Nakuandikia kwa sababu simu huisikii vizuri, ila hukubali.

Ile kazi yangu ya chuo imekamilika. Nimeunda programu ya kuiga akili ya binadamu: sanduku moja la kufikiri, jingine la hisia. La hisia nimeliweka chini lisivuruge hesabu. Nimeijaribu kwa jambo letu. Hoja ya daktari kuwa karibu, nimeipa alama kumi; baridi ya huko, nane; kaburi la Baba, moja. Imejibu uhamie kwetu. Safari hii usibishane, Mama, hayo si maneno yangu.

Mwanao, Mika

Njombe, 11 Mei 2024

Mika mwanangu,

Kamwene. Kifua kinakohoa, nami nipo. Msalimie Judith.

Unakumbuka jioni ile ya Juni, baba yako alipotoka bondeni akasema moyo hautulii? Hakuwa na sababu ya kutueleza. Tukakata majani tukafunika viazi vyote, wewe unalia mikono imekufa ganzi. Jirani yetu Ebeneza alitucheka sana. Kulipokucha, shamba lake lilikuwa jeusi, baridi imeliunguza lote. Baba yako alikuwa anafikiri jioni ile, ila alifikiri kwa woga wake. Ninamkumbuka mno siku hizi.

Sasa niambie, hiyo kumi ya daktari aliitoa nani? Mimi sihami.

Mama yako

Makambako, 29 Juni 2024

Mama,

Kamwene. Unisamehe kimya changu, nilikuwa na hasira. Juzi msimamizi wangu wa chuo akaniuliza swali lako lile lile. Nikatoka nje nikalia.

Kumi ilitoka siku ile Baba alipotufia njiani, nimempakata kichwa kwenye gari, na hospitali ya Ilembula bado mbali. Tangu hapo nikisikia umekohoa, siku yangu imekwisha. Lile sanduku la chini ndilo lililoandika namba zote, na mimi nilidhani nimelifunga.

Naanza programu upya. Nawe sikuombi tena kwa hesabu. Naogopa, Mama. Sina sababu nyingine.

Mwanao, Mika

Njombe, 6 Julai 2024

Mika,

Kamwene. Ungeandika hivyo tangu Mei, ningekuwa nimeshafika kwenu.

Nami nilikuficha jambo, nikajifanya nakufundisha. Naogopa kufia mbali na baba yako. Kila jioni nasimama pale kaburini namsimulia habari za siku, na nikiwaza kulala peke yangu kwenye udongo wa Makambako, siondoki pale mpaka giza liingie. Nijibu hilo kwanza, ndipo nifunge mizigo.

Mama yako

Makambako, 8 Julai 2024

Kamwene, Mama.

Nitakurudisha kwa Baba.

Mwanao, Mika