Kiti Kimoja Chumba cha Pampu

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba. Mimi mzima, ila usingizi nimeusahau.

Ile mashine imekubali. Valvu za redio, zile chupa ndogo za kioo, zinazunguka zenyewe ndani ya tanuri huku pampu zikinyonya hewa, hata ile iliyojificha ndani ya chuma inatoka. Hakuna tena kusimama kwenye joto kutwa nzima mkishika shingo za vioo. Nimeibuni nikikuwaza wewe. Wenzako wa chumba cha pampu wakisita, waambie ni kazi ya mdogo wako.

Mdogo wako.

19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile, lakini moyo umepoa. Mashine imefika. Wenzangu walinuna. Mrefu, shoga yangu tangu usichana, alisema kitu kisichochoka hakitaki mwenzake. Nikasimama mbele yao, nikawaapia kwamba hafukuzwi mtu, maana wewe ni damu yangu. Basi wakalainika, wakawaonyesha mafundi wenu kila wanachokijua. Valvu hazifi ovyo tena. Mungu akuzidishie.

Dada yako.

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Habari za wenzako kupunguzwa nimezipata kwa meneja. Sikujua, dada. Nilimwomba awahamishie kwenye kufungasha, akanicheka. Nikapigania jina lako tu, nikalipata. Wewe utabaki kuiangalia mashine. Mwezi ujao nakuja, tuongee.

Mdogo wako.

27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwili haujambo.

Meneja aliwasomea wenzangu majina yao palepale chumbani. Langu halikutajwa. Mrefu alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaniwekea mikononi.

Nilibaki peke yangu na ile mashine hadi nikashindwa. Nikaacha kazi, nikaenda kwa Mrefu nikidhani tutalia pamoja. Hakunikaribisha ndani. Tuliongea mlangoni kama watu wanaodaiana.

"Wewe umeacha," akaniambia. "Sisi tuliachishwa."

Nikarudi nyumbani. Njiani nilikutana na wengine wawili, wakavuka barabara.

Unasema hukujua. Kabla sijaondoka niliitazama vizuri hiyo mashine yako. Swichi zote zimewekwa mahali pa kufikiwa na mtu mmoja aliyekaa. Na kiti ulichokichora ni kimoja.

Usije.

Dada yako.